Saa Zilizofanywa Kazi na Saa Zilizoandikwa

Katika sehemu nyingi za kazi nchini Tanzania, mshahara wa mwezi mmoja hupita mikononi mwa watu watatu kabla haujafika benki: msimamizi wa zamu anayeandika nani alikuja na nani hakuja, afisa rasilimaliwatu anayekusanya karatasi hizo na kuongeza habari za likizo, za walioajiriwa na za walioondoka, na mhasibu anayeingiza tarakimu kwenye programu na kukata kinachopaswa kukatwa. Kila mmoja akishatimiza sehemu yake huikabidhi kazi kwa mwenzake na kuamini kwamba imekamilika, ilhali hakuna kati yao aliyepewa jukumu la kuhakikisha kwamba saa zilizoandikwa ndizo zilizofanywa kazi, wala kwamba kanuni iliyozigeuza saa hizo kuwa shilingi ndiyo iliyowekwa na sheria. Hoja ya makala haya ni kwamba jukumu hilo ni la afisa rasilimaliwatu, si la mhasibu wala la mashine, na kwamba afisa asiyeweza kuikokotoa upya kwa kalamu hati ya mshahara ya mfanyakazi yeyote anayemhudumia bado hajaimiliki kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Orodha ya malipo ya mishahara si majina na kiasi tu. Ni hesabu inayoanzia kwenye mshahara wa msingi, yaani ule uliotajwa katika mkataba kabla ya nyongeza yoyote, ikaongeza malipo ya saa za ziada, ya usiku, ya sikukuu na posho, ikapata mshahara ghafi, kisha ikatoa michango ya hifadhi ya jamii, kodi na madeni, mpaka kikabaki kile ambacho mfanyakazi hukiona kwenye simu yake mwisho wa mwezi. Kumbukumbu za muda wa kazi ndizo ushahidi wa kila nyongeza iliyomo katika safari hiyo. Zikikosewa, programu bora kuliko zote itatoa jibu lisilo sahihi kwa unadhifu mkubwa, likiwa na nembo ya kampuni juu na tarakimu mbili baada ya nukta.

Kumbukumbu hizo zina historia isiyopendeza sana katika nchi hii, na historia hiyo inaeleza kwa nini mpaka leo huonekana kuwa mali ya mwajiri peke yake. Mwaka 1907, chini ya utawala wa Wajerumani, wanaume wazima wa Usambara Magharibi walipewa kadi zilizowalazimu kufanya kazi kwa walowezi wa Kizungu kwa siku 30 katika kila miezi minne. Baadaye, katika mashamba ya mkonge ya enzi ya Waingereza, kibarua alibeba kipande chenye nafasi 30, na kila alipomaliza kazi aliyopimiwa siku hiyo nafasi moja ilijazwa. Mshahara wake ulikamilika nafasi zote zilipojaa, hata kama kuzijaza kulichukua siku nyingi zaidi ya thelathini za kalenda. Kadi ilikaa mfukoni mwa mfanyakazi, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa nyapara, ambaye aliweza kukataa kuijaza nafasi ya siku nzima kwa kudai kwamba mstari mmoja wa mkonge haukukatwa vizuri. Huko Marekani, sonara Willard Bundy wa mji wa Auburn alikuwa ameshabuni saa ya kupigia kadi mwaka 1888, na kampuni iliyotokana na ubunifu huo ikaja kuwa mojawapo ya zile zilizoungana na hatimaye kuitwa IBM. Hata hivyo, teknolojia ilipobadilika kutoka kalamu hadi mashine, swali la nani anashika kumbukumbu na nani anaruhusiwa kuisoma lilibaki palepale.

Daftari la mahudhurio linalotumika katika ofisi na shule nyingi limerithi mwelekeo huohuo. Asubuhi wafanyakazi husaini mmoja baada ya mwingine, muda uliowekwa ukifika mkuu huchora mstari mwekundu, na atakayesaini chini ya mstari huo amechelewa. Chombo hiki kimeundwa kumkamata anayechelewa kuingia, na kwa kazi hiyo kinafaa. Ila hakikuundwa kumtambua anayechelewa kutoka. Safu ya saa ya kutoka mara nyingi huachwa wazi, au hujazwa asubuhi ileile pamoja na saa ya kuingia, na matokeo yake ni kwamba dakika kumi za uchelewaji huacha alama ya wino mwekundu ilhali saa mbili zilizofanywa kazi baada ya muda wa kawaida haziachi alama yoyote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hawakuwahi kuona daftari ambalo ndilo lenyewe linaipoteza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haikuliacha jambo hili kwenye hiari ya msimamizi. Inaweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 9 kwa siku, 45 kwa wiki na siku 6 za kazi kwa wiki. Inaruhusu saa za ziada kwa makubaliano tu, zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na kuagiza zilipwe kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Na inakataza mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, ziada ikiwa imeshajumlishwa humo. Kazi ya siku ya mapumziko ya wiki na ya sikukuu hulipwa mara mbili. Wanaoachwa nje ya masharti haya ni wale wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na si kila mtu aliyepewa cheo cha supavaiza pamoja na funguo za stoo. Kumpandisha mtu cheo bila mamlaka ili asidai saa za ziada ni hila ya zamani ambayo haina msingi wowote katika maneno ya sheria.

Kosa kubwa la kihesabu, hata hivyo, hutokea kabla ya kufika kwenye saa za ziada zenyewe, katika kutafuta thamani ya saa moja. Jedwali la kwanza la sheria hiyo linaelekeza kwamba mshahara wa mwezi ugawanywe kwa zao la 4.333 na idadi ya saa za kawaida za wiki. Namba hiyo isiyo ya mviringo haikutoka hewani: mwaka una wiki 52 na miezi 12, na 52 ikigawanywa kwa 12 hutoa wiki 4.333 kwa kila mwezi. Kwa mtu wa saa 45 kwa wiki, mwezi una saa 195 kwa kukadiria, na anayelipwa shilingi 780,000 ana thamani ya shilingi 4,000 kwa saa, hivyo saa yake ya ziada ni shilingi 6,000.

Wapo wanaopiga hesabu tofauti, kwa nia njema kabisa. Huchukua siku 26 za kazi katika mwezi, wakazizidisha kwa saa 9 za siku, wakapata saa 234, na kwa mfanyakazi huyohuyo saa moja ikashuka hadi shilingi 3,333 na saa ya ziada hadi shilingi 5,000. Tofauti ya shilingi elfu moja kwa saa huonekana ndogo mpaka izidishwe kwa saa 20 za mwezi mmoja, kisha kwa miezi 12, kisha kwa wafanyakazi 80 wa kiwanda. Ni zaidi ya shilingi milioni 19 kwa mwaka ambazo hakuna aliyekusudia kuziiba. Chanzo cha kosa ni kusahau kwamba saa 9 ni ukomo wa siku, wala si wastani wa siku sita: siku sita za saa 9 zinafanya wiki ya saa 54, ambayo sheria haiitambui kuwa ya kawaida. Mwenye wiki ya siku sita na saa 45 ana wastani wa saa saba na nusu kwa siku, na 26 zikizidishwa kwa saba na nusu zinarudisha 195 ileile. Afisa aliyeielewa sababu ya 4.333 hawezi kuanguka katika shimo hili. Aliyekariri tu kwamba mwezi una siku 26 ataanguka kila mwezi, na programu aliyoilisha 234 haitamwambia lolote.

Hakuna mahali ambapo elimu hii ingebadili maisha ya watu upesi zaidi kuliko kwenye mageti. Lindo la kawaida la nyumba, shule au ghala huwa na mlinzi wa mchana na wa usiku, kila mmoja saa 12, siku sita za wiki, huku wa tatu akizunguka kuziba siku za mapumziko. Saa 12 mara sita ni 72. Mwajiri atasema kwamba saa moja ya kila zamu ni ya mapumziko, kwa kuwa sheria inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo dakika zisizopungua 60 za kupumzika, na mapumziko hayo si lazima yalipwe. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba anayetakiwa kuendelea na kazi au kuwa tayari kwa kazi wakati wa mapumziko anastahili kulipwa, na mlinzi aliye peke yake getini, anayekula ubwabwa wake huku akisikilizia honi, hajapumzika kwa maana yoyote inayoeleweka. Basi 72 zinabaki 72, ziada ni 27 kwa wiki na 108 kwa wiki nne, wakati ukomo ni 50. Hata zikiondolewa zile saa za mapumziko zinazobishaniwa, ziada hubaki 84. Kwa maneno mengine, ratiba yenyewe inavunja sheria tangu siku inapobandikwa ukutani, na mlinzi wa zamu inayofuata akichelewa kwa nusu saa kwa sababu ya foleni ya Mbagala, ukomo wa saa 12 kwa siku nao unavunjwa.

Hesabu ya kulinda geti kwa kufuata sheria si ngumu. Wiki ina saa 168. Walinzi watatu wakizigawana kwa usawa, kila mmoja anafanya saa 56, yaani 45 za kawaida na 11 za ziada, ambazo katika wiki nne ni 44, na hapo wote wako ndani ya mipaka. Kisha kila mmoja ana siku 28 za likizo ya mwaka, kwa hiyo anahitajika wa nne kwa sehemu ya mwaka. Hii ndiyo aina ya hesabu ambayo afisa rasilimaliwatu anapaswa kuipeleka mezani kabla kampuni haijatia saini mkataba wa ulinzi na mteja, kwa sababu baada ya saini hakuna tena fedha ya mlinzi wa tatu wa kudumu. Kinachofanyika badala yake, mara nyingi mno, ni kumbukumbu kufuata mkataba: karatasi inaandikwa saa 45, mlinzi anasaini kwa sababu asiposaini hakuna mshahara, na kila mkaguzi atakayeipitia atakuta kila kitu kimenyooka.

Kuna pia nyongeza ya usiku, ambayo ni ndogo na labda kwa sababu hiyo husahaulika. Kila saa iliyofanywa kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi inastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa, na ikiwa saa hiyo ni ya ziada pia, asilimia hiyo inapigwa juu ya kiwango cha ziada. Kwa mlinzi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, ambaye saa yake ni shilingi 2,000, zamu ya usiku ina saa kumi za namna hiyo, sawa na shilingi 1,000 kwa usiku mmoja na shilingi 26,000 kwa usiku 26, kabla hata ya kugusa saa za ziada. Ni sehemu kubwa ya nauli ya daladala ya mwezi.

Usiku huohuo ndio unaozichanganya mashine. Kwa Waswahili, usiku ni mwanzo wa siku inayofuata, na ndiyo maana husemwa usiku wa kuamkia Jumatatu. Kwa mashine ya mahudhurio, siku hubadilika saa sita kamili usiku, hata kama mtu yuko katikati ya zamu. Mlinzi aliyeingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi huonekana katika ripoti ya mashine isiyopangwa vizuri kama mtu aliyefanya kazi saa sita Jumapili na saa sita Jumatatu, na kwa kuwa hakuna siku iliyopita saa 9, ziada yake inayeyuka. Sheria haifuati machweo wala saa sita usiku: kwa ajili ya kupima saa za kazi, inaihesabu siku kuwa kipindi cha saa 24 kinachoanza pale mfanyakazi anapoanza kazi kwa kawaida. Maana yake ni kwamba siku ya mlinzi huyu inaanza saa kumi na mbili jioni, na zamu yake yote ni ya siku moja. Anayefunga mashine hizo ni fundi wa kompyuta ambaye hakuna sababu ya kumtarajia ajue kifungu hicho. Anayepaswa kukijua ni yule anayemwambia fundi namna ya kuipanga.

Sikukuu zinaongeza ugumu wa aina yake, hasa Idi, ambayo hutegemea mwandamo wa mwezi na mara nyingi hutangazwa usiku, wakati zamu imeshaingia. Je, malipo ya mara mbili yaanze mwezi ulipotangazwa, saa sita usiku, au zamu ya asubuhi inapoingia? Jibu la busara ni kwamba sera ya kampuni iliseme jambo hilo kwa maandishi mapema, ikikubaliwa na chama cha wafanyakazi pale kilipo, badala ya kuliacha liamuliwe na mhasibu tarehe 25 ya mwezi akiwa na haraka ya kufunga hesabu.

Upande wa makato unatajwa zaidi magazetini, na kwa kiasi fulani ni rahisi zaidi, kwa sababu viwango vimeandikwa na mamlaka zinafuatilia. Ugumu uko katika mpangilio wa hatua. Katika sekta binafsi, mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Sehemu hiyo ya mfanyakazi hutolewa kwanza, kisha kinachobaki ndicho hutozwa kodi ya mapato ya ajira, ambayo mwajiri huikata na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, zinazofuata hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi 1,000,000 asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30. Mwenye shilingi 900,000, ikiwa kiasi chote kinahesabika katika msingi wa michango, anatoa 90,000 za NSSF na kubaki na 810,000, ambazo kodi yake ni 80,500. Aliyekatwa kodi kabla ya mchango kutolewa atakatwa 103,000. Shilingi 22,500 zimeondoka kwa sababu mistari miwili ya hesabu imebadilishana nafasi.

Ziko pia tozo ambazo hazimhusu mfanyakazi hata kidogo na ambazo afisa makini hahitaji kuambiwa mara mbili asizishushe kwenye hati yake. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 katika mwaka wa fedha 2023/24, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni gharama za mwajiri. Mkopo wa elimu ya juu ni kinyume chake: ni deni la mfanyakazi, hukatwa kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mwajiri ambaye hakuukata kwa uzembe hawezi kujitetea kwamba hakujua kama mwajiriwa wake aliwahi kukopa. Kuhusu hasara inayosababishwa na mfanyakazi, kama kioo cha gari kilichovunjika au upungufu wa fedha kaunta, sheria hairuhusu makato ya ghafla yaliyo maarufu katika maduka na vituo vya mafuta. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi chanzo na kiasi cha deni, apewe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya ujira wake wa fedha.

Majirani wa Kenya walipata somo kali la namna sheria inavyoweza kugeuka katikati ya mwaka. Tozo ya nyumba za gharama nafuu ya asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi hichohicho kwa mwajiri iliingia kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Mahakama Kuu ikaitangaza kuwa kinyume cha katiba Novemba mwaka huo. Mahakama ya Rufani ikakataa kuruhusu utozaji uendelee Januari 2024. Na Machi 2024 sheria mpya ikaianzisha tena. Aliyekuwa akiandaa mishahara Nairobi au Mombasa katika miezi hiyo alihitaji kujua tarehe, wala si asilimia tu, kwa sababu kumkata mtu kwa mwezi ambao hapakuwa na sheria ni kosa sawa na kutomkata kwa mwezi ambao sheria ilikuwapo.

Wapo watakaosema kwamba yote haya yameshapitwa na wakati, kwa kuwa programu hufanya hesabu na mtaalamu anabaki na kazi za juu kama vile kukuza vipaji na kujenga utamaduni wa taasisi. Serikali ya Canada iliamini jambo linalokaribiana na hilo. Iliamua kukusanya kazi ya mishahara ya watumishi wengi wa umma katika kituo kimoja mjini Miramichi, ikaondoa nafasi zipatazo 1,200 za washauri wa malipo waliokuwa wamesambaa katika wizara na kuweka nafasi 550 mahali pao, na kutarajia kuokoa dola za nchi hiyo milioni 70 kwa mwaka. Mfumo mpya ulioitwa Phoenix ulizinduliwa Februari 2016. Nyuma yake kulikuwa na kanuni za malipo zaidi ya 80,000, na walioijua namna zinavyogongana walikuwa ndio hao walioondolewa. Watu wengine walilipwa pungufu, wengine zaidi, wengine hawakulipwa kabisa, na gharama ya kurekebisha ikapita dola bilioni moja, huku ripoti ya mkaguzi mkuu ya mwaka 2018 ikiuita mradi huo kushindwa kusikoeleweka. Si kwamba mashine haikujua kuzidisha. Ujuzi wa nini kizidishwe na nini ulikuwa vichwani mwa watu, na ulionekana kuwa gharama.

Tanzania ilipata sura nyingine ya tatizo hilohilo mwaka 2016, uhakiki ulipoondoa katika orodha ya serikali watumishi hewa zaidi ya 10,000. Wakati ule lilizungumzwa zaidi kama suala la wizi, na wizi ulikuwapo. Lakini jina la marehemu, mstaafu au mtoro haliingii katika orodha ya mishahara usiku kwa mlango wa nyuma. Lilikuwamo kihalali na halikutolewa, kwa sababu mshahara ulilipwa kwa kuwapo kwa jina, na daftari la mahudhurio la zahanati au shule lilikuwa kitabu kingine kabisa kilichofungwa kabatini, kisichosomwa na yeyote aliyegusa malipo. Mahali ambapo mahudhurio yanalisha malipo kila mwezi, mtumishi hewa anahitaji mtu wa kumsainia kila siku, na hilo ni kosa gumu zaidi kulificha.

Jibu ambalo waajiri wengi wamelikimbilia ni kidole. Mashine za alama za vidole zimeenea, na kwa kweli zinapunguza tabia ya kusainiana. Ila vidole vya fundi wa saruji husuguliwa mpaka mashine isivitambue, umeme hukatika, na foleni ya watu 200 mbele ya mashine moja ni robo saa au zaidi ambayo mtu yuko kazini na kumbukumbu inasema hayuko. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu alama za kibayolojia kuwa taarifa nyeti, na anayezikusanya anawajibika kueleza zinakusanywa kwa ajili gani na kuzilinda. Alama ya kidole iliyoachwa katika kompyuta ya mlinzi wa mapokezi, bila nywila, haibadilishiki ikivuja.

Kuhusu elimu inayohitajika, kozi nyingine ya wiki mbili hotelini si jibu. Afisa mpya angejifunza zaidi kama angepewa karatasi za zamu za mwezi mmoja, mikataba kumi na kalamu, akaambiwa atengeneze malipo yote bila kompyuta, kisha alinganishe na ya programu na kueleza kila tofauti. Angekutana na mtu aliyeajiriwa tarehe 13, mwingine aliyerudi kutoka likizo ya uzazi, mwingine aliyehamia zamu ya usiku katikati ya wiki, na angelazimika kufungua sheria yenyewe badala ya kuuliza ofisini huwa wanafanyaje. Angegundua pia kwamba Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005 na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF, hivyo kampuni yenye tawi Unguja haiwezi kunakili hesabu ya Dar es Salaam ikabadilisha majina tu.

Ukaguzi wa mwisho, hata hivyo, ungefaa uwe wa mfanyakazi mwenyewe, na hapa kuna jambo dogo ambalo lingegharimu wino tu. Sheria inataka kila malipo yaambatane na maelezo ya maandishi, ile hati ambayo wengi huiita slipu, na inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za ujira kwa miaka mitano. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na mwajiri akashindwa kuonyesha masharti ya kazi kwa maandishi, yakiwamo ya saa na ujira, mzigo wa kuthibitisha humwangukia yeye. Lakini madai yasiyo ya kuachishwa kazi yana siku 60 tu za kupelekwa mbele ya Tume tangu mgogoro ulipoanza, na mtu hawezi kudai asichokiona. Slipu inayosema malipo ya ziada shilingi 120,000 bila kusema ni ya saa ngapi na kwa kiwango gani haimwezeshi mtu kujua kama amepunjwa, na siku 60 hupita akiwa amelala. Slipu inayosema saa 20 kwa shilingi 6,000, saa za usiku 0, sikukuu 0, pamoja na tarehe ya kila zamu iliyohesabiwa, inaweza kukaguliwa na mtu aliyeishia darasa la saba kwa simu ya tochi, jioni ileile ya siku ya mshahara, na afisa rasilimaliwatu akakuta malalamiko mezani kwake kesho yake asubuhi, kosa likiwa bado ni la mwezi mmoja.